Rejea ya Mwinyihaji

"Mwanatabu, si hiyo feri imelala upande?"

Philister ndiye aliyeiona kwanza. Mwanatabu alikuwa amejifanya haitazami bahari kabisa. Alikuwa amevaa buibui jipya, amejifukiza udi, na bado alikuwa akimwapia shoga yake kwamba ameteremka gatini kununua muhogo tu.

"Imelala wapi? Ni mawimbi hayo."

"Mawimbi gani? Watu wanakimbilia upande mmoja. Angalia."

Akaangalia. Feri ndogo ya kampuni ya vivuko, ile inayotoka upande wa Kipevu kuja gati la Mkanyeni, ilikuwa imesimama katikati ya mkondo, lango lake la mbele limezama majini. Lango hilo lilikuwa bovu tangu Ramadhani. Lilifungwa kwa kamba, na kila abiria aliiona hiyo kamba, akalipa nauli, akapanda.

Simu yake ikaita. Alikuwa Mwinyihaji.

Mwinyihaji alikuwa mumewe, au tuseme alikuwa njia panda. Miezi miwili na kitu nyuma, siku ya karamu nyumbani kwa mama yake Magogoni, walitupiana maneno mbele ya wageni, naye akamtamkia talaka moja. Kulipokucha alishajuta. Lakini kujuta si kurejea, na Mwanatabu alikwisha rudi kwao Shika Adabu kuhesabu eda. Sasa eda yenyewe ilikuwa ukingoni. Siku zake zikimshukia mara ya tatu, basi, mwanamume angelazimika kuposa upya kama mgeni.

Asubuhi ya siku hii ya feri Mwinyihaji alikuwa amempigia.

"Tabu, nikurejee hapa hapa kwenye simu. Sheria yaruhusu."

"Sirejewi kwa simu mie. Talaka uliitoa mbele ya watu, na rejea njoo uitoe mbele ya babangu."

"Haya. Nitazunguka na barabara ya Dongo Kundu jioni, nikitoka kazini."

"Jioni siku zangu zaweza kuwa zimefika. Pita feri, uje alasiri."

Ndiyo akapita feri, na sasa alikuwa akipiga akiwa ndani yake.

"Tabu, upo gatini?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Nipo. Wewe uko wapi? Mbona sikuoni?"

"Nimo chumba cha chini. Maji yameingia. Mlango uko juu ya vichwa vyetu sasa, na watu wameuziba. Madirisha yana nondo."

Nondo hizo zilichomelewa mwaka jana ili watu wasipenye bila kulipa. Kwa hilo kampuni ilikuwa hodari.

"Na majaketi ya kuokolea?"

"Yamo kwenye sanduku, sanduku lina kufuli. Ufunguo hatujui anao nani."

"Ngoja. Boti ya uokoaji iko hapa, naiona. Usikate."

Alikimbia mpaka kwa mlinzi, kijana wa bara aitwaye Nicanor, aliyesimama kando ya boti nyekundu iliyofungwa vizuri.

"Kaka, boti hii yangoja nini?"

"Ufunguo uko na afisa wa zamu, dada. Ameenda mkutano."

"Si umpigie."

"Nimempigia. Anasema tusiguse kitu mpaka timu ifike."

"Timu yatoka wapi?"

Nicanor akatazama viatu vyake. "Hata mimi sijaambiwa."

Mvuvi mmoja, Changawa, alikuwa ameshaanza kusukuma mashua yake. Walinzi wawili wakamzuia, kwamba vyombo vidogo ni marufuku eneo la feri. Changawa hakubishana nao. Aliwapita kama wapitwavyo mbuzi njiani. Lakini mashua yake ilibeba watu wanane, na kwenye feri mlikuwa na zaidi ya mia mbili.

Mwanatabu akairudisha simu sikioni.

"Mwinyi, watu washakuja. Vumilia."

"Tabu, nisikize. Nataka uisikie kwa masikio yako. Nime..."

"Usiseme."

"Mbona?"

"Ukisema sasa ni kama waniaga. Utasema ukifika. Baba keshavaa kanzu, akungoja barazani."

"Tabu."

"Nimekataa. Toka huko kwanza."

Alimsikia akicheka kidogo. "Wewe na ukaidi wako, wallahi."

Laini ikakatika. Alipiga mara tano bila kumpata. Philister alikuwa amemshika mkono, na kwa mbali waliwaona watu wadogo wadogo juu ya ubavu wa feri, wakipunga vitambaa. Wengine waliruka. Gati zima lilikuwa likipiga kelele na, ukimtoa Changawa, hakuna aliyekuwa akifanya lolote, maana hapakuwa na la kufanya ila kutazama.

Hapo ndipo Mwanatabu alipohisi. Mwanamke huyajua mambo ya mwili wake. Akatazama saa ya simu, ilikuwa saa kumi na nusu kamili.

"Nini? Mbona umekauka hivyo?" Philister aliuliza.

"Siku zangu zimefika."

"Aki Mwanatabu, sasa hiyo ni ya kuwaza saa hii?"

Philister alikuwa wa kanisani, tena wa Kisumu. Mwanatabu hakuwa na nguvu ya kumweleza kwamba dakika ile ile, akiwa amesimama juu ya saruji ya gati, alikuwa ameacha kuwa mke wa mtu.

Simu ikaita tena.

"Maji yamefika shingoni," Mwinyihaji alisema. "Kuna kidirisha juu hapa hakina nondo. Nimempandisha mabegani Kyalo wa kazini kwetu, yeye mwembamba, atapita."

"Na wewe?"

"Mimi mabega yangu wayajua. Tabu, safari hii usinikatalie. Nimekurejea. Nimekurejea, mke wangu. Umesikia?"

Alisikia. Alisikia na akajua limechelewa, na kwamba laiti asubuhi angemruhusu kulisema, lingefaa. Hakukuwa na neno la kweli la kumpa mtu yule.

"Nimesikia, mume wangu. Nimekubali."

"Alhamdulillahi."

Kisha zikaja kelele za watu, kisha maji, kisha hakuna. Saa kumi na moja kasorobo feri ilijigeuza na kwenda chini. Timu ilifika magharibi ikiwa na kipaza sauti, ikawaambia watu warudi nyuma kwa usalama wao.

Kesho yake asubuhi wapiga mbizi walimtoa Mwinyihaji, akapelekwa kwao Magogoni. Mwanatabu alikwenda na Philister. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, macho makavu.

"Shikamoo mama."

"Umekuja kama nani hapa?"

"Nimekuja kumwona mume wangu."

"Mwanangu alikuacha. Na aliyemvusha bahari ni nani, kama si wewe na kiburi chako?"

Na ilikuwa kweli.

Ustadhi Ahmad, aliyeitwa kusimamia kuosha maiti, aliingia kati kwa upole.

"Mama, kama alikuwa bado edani, huyu ni mkewe. Ana haki ya kumwona, hata kumwosha." Akamgeukia Mwanatabu. "Mwanangu, jambo hili walijua peke yako, na neno lako ndilo litakaloshikwa. Eda yako ilikuwa imekwisha?"

Ua mzima ukamgeukia. Neno moja tu lingemfungulia mlango ule, na hakuna binadamu ambaye angeweza kumpinga. Philister, aliyekwisha elezwa yote njiani, akamfinya mkono.

"Ilikwisha pale gatini, saa kumi na nusu," Mwanatabu alisema. "Yeye alinirejea baadaye kidogo, kwa simu. Nikamwambia nimekubali. Nilimdanganya, ustadhi, ili asiondoke na huzuni. Kwenye maiti yake siwezi kudanganya tena."

Mama mkwe aligeuza uso. Ustadhi akainamisha kichwa.

"Basi mwanangu, hapo sina la kusema."

Mwanatabu alikuwa ameshageuka kuondoka alipoinuka kijana mwembamba mwenye mkono uliofungwa bendeji, aliyekuwa amekaa na wafanyakazi wa bandarini.

"Samahani, ustadhi. Mimi si wa dini yenu. Naitwa Kyalo, marehemu alinibeba nikatoka. Hiyo rejea, ni lazima mwanamke awe anasikia?"

"La. Akishaitamka mume, imepita, hata mke akiwa mji mwingine."

"Basi aliitamka. Kabla hatujapanda feri. Tulikuwa kwenye foleni, mimi na Tinga wetu wa kreni. Akatuambia, nyinyi wawili mnishuhudie, nimemrejea mke wangu leo. Tinga akamuuliza, kama umeshamrejea, unavuka kufuata nini? Akasema, 'Nilimvunjia heshima mbele ya watu, naenda kumrudishia mbele ya babake.' Tulimcheka."

"Saa ngapi hiyo?"

"Saa tisa na nusu."

"Na huyo Tinga yuko wapi?"

"Tinga bado hajapatikana."

Ustadhi akajipangusa uso kwa kilemba. "Huyu ni mke wa marehemu," akasema. "Mpisheni."

Mwanatabu hakusogea. Wanawake walidhani ni furaha imemzidi, wakaanza kumsukuma taratibu mgongoni. Yeye alikuwa akihesabu. Saa tisa na nusu alikuwa mke wa Mwinyihaji, feri haijaondoka, mguu wa mumewe uko nchi kavu. Wangekuwa mume na mke hata kama angegeuka na kurudi kazini.

Ndani, maiti ilikuwa juu ya kitanda cha kuoshea, imefunikwa shuka. Mama mkwe alikuja na ndoo ya maji ya uvuguvugu, akamtilia kopo mkononi.

"Haya mwanangu," alisema, na sasa alikuwa akilia. "Mwoshe mumeo."

Mwanatabu alichota. Akalileta kopo juu ya kifua cha mumewe, na mkono ukakataa kuinama.

"Mama, siwezi kummwagia maji. Maji tena?"

Mama mkwe akamshika kifundo cha mkono. Wakaliinamisha pamoja, kidogo kidogo, na Mwanatabu akamwegemea mumewe sikioni.

"Pole, Mwinyi. Pole. Ni machache tu haya."