Ujumbe kwa Wateja Mia Mbili

Kijana alimkanyaga dada mmoja kwenye foleni ya benki, mwisho wa mwezi, watu wamebanana mpaka mlangoni.

"Samahani dada, sikukuona."

"Usijali. Umekanyaga ghorofa ya chini, mwenye nyumba anaishi juu."

Kijana akatazama. Viatu vya dada huyo vilikuwa vya ngozi nyekundu, rangi moja na mtandio wake, ila cha kushoto kilikuwa na soli nene zaidi, iliyoshonwa kwa ustadi wa kutia wivu.

"Nani kakutengenezea?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu. Miguu isiyolingana, vidole vilivyopinda, kila mtu na kiatu chake."

"Basi sisi ni ndugu wa kazi moja. Mimi naandika matangazo ya simu. Mwenye mtoto mchanga apate lake, mwanafunzi apate lake."

"Kumbe ni wewe unayeniamsha asubuhi."

Foleni ikawa fupi ghafla. Kabla ya wiki kwisha walikuwa wanapigiana simu kila mchana.

"Mzee wa Maneno, umekula?"

"Sauti yako imenishibisha."

"Hiyo umewatumia wangapi?"

"Wewe tu, laazizi."

Jumapili moja, kwenye benchi la karakana yake, yule dada fundi viatu alimwambia kijana jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya picha shuleni aliuweka mguu wake mfupi juu ya tofali, akalifunika kwa sketi, ili alingane na wenzake. Kijana alimshika mkono.

Biashara ilipolegea, fundi alimpa orodha ya wateja wake mia mbili amwandikie tangazo. Kijana akaandika: "Siku ya picha shuleni nilificha tofali chini ya sketi. Leo nashona viatu ili wewe usifiche chochote. Fundi wako." Bosi wake aliusoma ujumbe huo, akampigia makofi. Kijana akautuma bila kumwonyesha fundi.

Simu ikalia mchana.

"Mama yangu yumo kwenye ile orodha. Amenipigia analia. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia, simama wima kama wenzako. Hakujua habari ya tofali."

"Mpenzi, nilidhani..."

"Nilikwambia wewe. Sikuwaambia watu mia mbili."

Simu ikakatwa. Aibu ikamvaa kijana kama nguo mbichi. Kilichomchoma zaidi ni kwamba wateja kumi na mmoja walijibu wakitaka viatu, na kila jibu lilikuwa kofi.

Siku ya nne akaenda karakana. Fundi alikuwa akikunja karatasi yenye mchoro wa mguu wa mteja.

"Unaiona hii? Kiatu kikiisha, namrudishia mwenyewe. Sijawahi kuitundika ukutani."

Kijana akatoa barua aliyoiandika usiku kucha. Fundi akasoma mistari miwili.

"Umenipima vizuri, inanigusa pale pale. Ndiyo maana siitaki. Sema tu."

Kijana akaichukua tena barua, akaikunja.

"Nilijua ni siri. Nikaiona nzuri mno kuiacha. Nilitaka... nilitaka wanisifu."

Fundi akavua aproni. "Hilo naliamini. Lakini aliyeumia zaidi yuko nyumbani. Twende."

"Mama anapenda kuambiwa vipi?" Swali lilimponyoka kijana. Fundi akamtazama mpaka akainamisha kichwa. "Basi, sijauliza."

Mama alifungua mlango mwenyewe, macho yamevimba.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, mama. Nilichukua kisicho changu nikakigawa. Nisamehe."

Mama akashika kitasa, hakumpisha wala hakumfukuza. Alikuwa akimtazama bintiye aliyesimama nyuma.

"Miaka yote hiyo nakwambia simama wima," akasema. "Mwanangu, na mimi nianzie wapi kukuomba radhi?"

Fundi akampita kijana, akamkumbatia mama yake hapo kizingitini, wakaingia ndani taratibu. Kijana akabaki nje, hajui kama aondoke.

Ndani, kwenye kochi dogo, fundi alimsogelea mama yake, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Funga mlango," akamwambia kijana, "uje ukae."