Maji Tumboni mwa Mashua

Ilikuwa mwaka 2022, kiangazi cha mwezi wa Septemba, baada ya misimu kadhaa ya mvua kuipita Kajiado bila kuacha hata tope. Wakati huo ndipo maji yalipoibwa kutoka ndani ya mashua.

Inspekta Kiema aliisoma taarifa mara mbili, kisha akamtazama Konstebo Nashipae kana kwamba ni yeye aliyeibuni.

"Mashua? Hapa Kitengela?"

"Ndiyo, afande. Iko karibu na machimbo ya mawe, juu ya trela."

"Na kilichoibwa si mashua?"

"La, afande. Ni maji yaliyokuwa ndani."

"Mashua ikiingia maji, watu huyatoa na kumshukuru Mungu. Nani hukimbilia polisi kwa sababu hiyo?"

Nashipae alichukua funguo za gari. Waliondoka.

Mashua yenyewe ilikuwa nyeupe, ya tanga, mlingoti wake umelazwa. Kando yake wanaume wawili walikuwa wakigombana. Mmoja alikuwa Omolo, mhasibu aliyepanga nyumba mjini, ambaye alitaka kuinunua akawatembeze watalii katika Ziwa Victoria, kwao Mbita. Wa pili alikuwa Mzee Wasike, mlinzi mstaafu. Mwajiri wake wa Naivasha alipohama nchi, alimwachia mashua hiyo iwe kiinua mgongo chake. Hakuwa na kingine.

"Afande, huyu mzee ni tapeli!" alifoka Omolo.

"Polepole. Maji yalifuata nini ndani ya mashua?"

"Ina tangi chini ya sakafu. Ukiwa ziwani unalijaza maji, uzito wake unaizuia mashua isipinduke. Ukiitoa, unayamwaga, inakuwa nyepesi ya kuvutwa na gari."

"Kwa hiyo mashua hii hujazwa maji ili isizame?"

"Ili isipinduke, afande."

Kiema alizaliwa Ukambani, mahali ambapo mto huwa mchanga mtupu. Alitikisa kichwa polepole.

"Endelea."

"Jana nililijaza hapa hapa, nione kama linavuja. Nilileta lori zima la maji. Tukafunga valvu, nikapangusa chini mpaka pakakauka. Ningekuta tone leo, nisingenunua."

"Umekuta nini?"

"Tangi tupu! Na huyu ameshapokea malipo yangu ya awali."

"Chini ni pakavu, kijana wangu," alisema Wasike. "Maji yalivuja kwenda juu?"

Kiema alipiga magoti. Udongo chini ya trela ulikuwa mkavu kama unga. Valvu ilikuwa imefungwa barabara. Kama tangi lilivuja, tope lingekuwa wapi? Kama halikuvuja, maji yangekuwa wapi?

"Labda yamekaushwa na jua, afande," alisema Nashipae.

"Usiku?"

Omolo, kwa upande wake, alikuwa na maelezo tayari. Mzee alijua tangi ni bovu, akayafyonza maji usiku ili uvujaji usionekane. Kiema aliyageuza maneno hayo huku na huku, na kwa kukosa mengine akayakubali. Wasike alikamatwa kwa tuhuma ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kesho yake angefikishwa mahakamani Kajiado.

Kituoni, mzee alivua mkanda na viatu kabla ya kuingizwa korokoroni.

"Afande, nimelinda milango ya watu maisha yangu yote. Leo nifungiwe mlango kwa ajili ya maji?"

Neno hilo halikumtoka Kiema kichwani. Adhuhuri alirudi machimboni na Nashipae, hajui anatafuta nini. Njaa ikawaingiza katika kibanda cha chakula cha Mama Nzula, hatua chache kutoka kwenye mashua. Wachimba mawe walikuwa wakicheka juu ya sahani zao.

"Mama, leo ni harusi ya nani? Wali umepakwa rangi ya mdomo!"

"Kula unyamaze, Mumo. Hiyo ni pilau."

"Pilau bila bizari?"

Kiema aliitazama sahani aliyoletewa. Wali ulikuwa wa rangi ya waridi. Alionja. Hapakuwa na nyanya wala kiungo chochote. Alitoka nje, akampigia Omolo simu.

"Ulitia kitu katika yale maji?"

"Rangi nyekundu, afande, ya kutia kwenye keki. Uvujaji mdogo hauonekani kwa maji matupu."

"Mbona hukusema?"

"Tangi lilikuwa tupu. Rangi ya nini tena?"

Kiema alirudi ndani.

"Mama Nzula, maji ya kupikia uliyatoa wapi?"

"Kwa lori, afande. Jana."

"Jana lori halikuwauzia," alisema Nashipae. "Mitungi yenu mitupu bado iko kwenye foleni kando ya barabara."

"Mpira uliofyonzea uko wapi, mama?" aliuliza Kiema.

Nzula aliweka mwiko chini. Wachimba mawe waliacha kutafuna.

"Uko nyuma ya pipa," alisema. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Tulipanga mitungi tangu alfajiri. Lori likatupita. Dereva akasema maji yote yana mwenyewe. Nikalifuata kwa macho, nikaliona likimimina ndani ya mashua! Afande, tangu lini mashua ikanyweshwa? Nikajua kuna tajiri anayeyaficha ili atuuzie kwa bei anayotaka. Giza lilipoingia nikayafyonza kupitia tundu la juu, nikagawana na wenzangu."

"Hapakuwa na tope hata kidogo."

"Ningemwagaje, afande? Maji?"

"Na Mzee Wasike? Ulimwona akichukuliwa."

Hapo macho yake yalishuka.

"Nilimwona. Nikajifanya nakoroga sufuria."

Kiema alimwachilia Wasike kwa dhamana ya polisi. Jioni hiyo Nzula na wenzake waliyarudisha maji kwa mitungi. Yaliyokwisha kupikiwa, Nzula aliyanunua upya kwa mwenye punda. Tangi likajaa. Konstebo Nashipae akakesha kando ya mashua.

Asubuhi, Omolo alilala chali chini ya trela akiwa na kitambaa cheupe. Alifuta kila kiungio cha tangi, akazunguka valvu, akarudia. Kitambaa kilibaki cheupe.

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe," alisema Wasike. "Lakini samahani yako hainunui mashua. Nimalizie."

Omolo alicheka, akahesabu, akalipa.

"Bado kuna wizi wa maji," alisema Kiema. "Wewe ndiye mlalamikaji. Nimfungulie mama huyu mashtaka?"

Omolo alitazama barabarani. Foleni ya mitungi ilikuwa imejipanga upya, na lori halijaonekana. Akatazama mashua, akamtazama Nzula. Kiema alisubiri, akiwa hajui tena nani alimwibia nani.

"Lile lori lilikuwa likija kwenu," Omolo alimwambia Nzula. "Ni mimi niliyemlipa dereva asisimame. Waite wenzako."

Akauweka mtungi wa Nzula chini ya valvu, akaifungua kwa mkono wake.