Kachumbari ya Shughuli ya Yasmin

Kila asubuhi kabla ya shule, Raya alichota ndoo sita bombani, akafagia uwanja, kisha akawaamkia wazee barazani. Wiki hiyo ndoo zilifika ishirini na shikamoo hazikuisha. Dada yake Yasmin alikuwa mwali, na Jumamosi angetolewa nje kwa ngoma. Nyumba ya bibi yao, Bibi Semeni, ilijaa ndugu kutoka Kingolwira, Mzumbe na milimani. Walilala hadi jikoni. Walioga, walifua, na kila jioni walisimuliana nani kaachika na nani kajenga.

Siku ya tatu shimo la choo likajaa, maji yakaanza kurudi bafuni. Abeid, dereva wa gari la kunyonya majitaka, alikuja akakwama: turubai la shughuli lilikuwa limeziba uchochoro. Aliomba lishushwe kwa saa moja tu. Bibi akakataa. Turubai la mwali, alisema, halishushwi kabla mwali hajatoka. Watu watasema nini? Abeid akageuza gari, akaenda zake.

Ijumaa mchana wingu likashuka Uluguru, mvua ikamwagika. Bibi akamwita Raya nyuma ya choo. Chini ya ukuta palikuwa na bomba fupi lililozibwa kwa matambara.

"Mkono wangu haupiti," alisema, sauti imemkauka kwa siku tatu za vigelegele na amri. "Yachomoe wewe. Mvua hii itaondoka na kila kitu, wala hakuna atakayejua."

Raya alikuwa amechoka hata kuuliza hakuweza. Akachomoa. Maji meusi yakaruka mtaroni, yakachanganyika na ya mvua, yakaelekea kijitoni. Alinawa kwa sabuni mara tatu, lakini harufu haikumtoka puani.

Jumamosi asubuhi bomba lile la choo lilikuwa bado linachuruzika. Mama Theresia, muuza mboga wao wa siku zote, akateremka kutoka mlimani na tenga la karoti, nyanya na kabichi. Shangazi Mwanaheri, macho mekundu kwa moshi, akazikatakata haraka, kachumbari ikajaa mabeseni mawili. Raya alishangaa kuona karoti zilizobaki zinang'aa, na njia ya mlimani yote ilikuwa tope. Akamuuliza Mama Theresia ameziosha wapi.

"Hapo kijitoni, mwanangu. Nimletee bibi yako karoti za udongo mbele ya wageni hawa? Atanitania mpaka Krismasi."

Raya akamgeukia Shangazi. Sinia za pilau zilikwishaanza kutoka. Akisema, Bibi ataaibika mbele ya ukoo mzima. Asiposema, wote watakula, hata watoto. Shangazi alikuwa ameshachota upawa wa kwanza.

"Shangazi, usipakue," Raya alisema. "Hiyo kachumbari imeoshwa kwa maji ya choo chetu."

Shangazi akacheka akidhani ni utani. Raya akaeleza bomba, matambara na mvua. Alisema amechomoa yeye; jina la Bibi hakulitaja. Wageni wakaanza kunong'ona kwamba mtoto huyu hana adabu. Bibi Semeni akainuka mkekani, polepole.

"Mwacheni," alisema. "Nilimtuma mimi."

Kachumbari ikafukiwa shimoni. Pilau ililiwa kavu, na nadhani huko Mzumbe wanaisimulia hadi leo. Bibi mwenyewe akafungua kamba ya kwanza ya turubai, mwali akiwa bado ndani, kisha akampigia Abeid simu. Gari liliponguruma, Raya na Mama Theresia walipita nyumba zote za kijitoni wakiwaonya watu wasitumie maji yale. Katika nyumba mbili walitukanwa.

Waliporudi, Raya akamuuliza Abeid mzigo ule anaupeleka wapi. Alijibu kwamba unakwenda kwenye mabwawa nje ya mji. Huko maji hukaa majuma kadhaa, yakihama bwawa hadi bwawa. Tope hutuama, jua na vijidudu hufanya kazi yao, na maji hupimwa kabla ya kuachiwa.

"Kazi ya polepole hiyo," alisema. "Mvua haina muda huo."

Bibi alikuwa ameketi kizingitini, miguu kainyoosha.

"Umesikia, Raya? Uzee wote huu nilidhani mvua inasafisha. Kumbe inahamisha tu. Uchafu unautoa kwako, unamfikia mwenzako, naye anakurudishia kwenye sinia. Na siku nyingine mkubwa akikutuma jambo la kujificha, hata nikiwa mimi, uliza kwanza." Akajikongoja kusimama. "Haya, niletee maji ninawe. Turubai lirudi juu. Yasmin anasubiri."