Kahawa Ambayo Deodatha Hakuitafuna

"Chukua, mwanangu. Punje mbili tu," shangazi Sperancia alisema kwa mara ya tatu, kikapu cha akamwani, kahawa ya kutafuna, mkononi.

Deodatha hakuchukua. Watu wote sebuleni pale Kituntu wakamgeukia, maana mchumba anayekataa kahawa ya kutafuna ukweni ameikataa nyumba yenyewe.

Simu yake ikatetemeka. Kahigi, mchumba wake, aliyekaa mbele yake, alikuwa ameandika: "Tafuna moja tu mpenzi. Unaniaibisha."

Akajibu: "Imechumwa na nani?"

Hakuuliza bure. Deodatha ni muumini wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoabudu kwa kukaa kimya, na kazi yake kule Rubwera ni kuwatoa watu wanaotumikishwa kwa nguvu. Juzi aliingia ofisini kwake Mrundi mmoja, Niyonkuru, mgongo umechanika kwa fimbo. Alisema ametoroka shamba la mzee Apolinary, na wenzake sita wamefungiwa stoo, simu wamenyang'anywa. Mzee Apolinary ndiye baba yake Kahigi. Deodatha alilia mpaka kichwa kikamuuma, kwa sababu alimpenda Kahigi sana.

Sasa akasimama, akamgeukia mzee Apolinary.

"Baba, nitaitafuna watu wa stoo wakifunguliwa."

Mzee akafoka kwamba hajaolewa, tayari anapekua nyumba ya watu. Kahigi akanyanyuka haraka.

"Sikujua, Deo. Naapa."

"Usiape. Kwetu ndiyo ni ndiyo. Ulijua?"

"Sikujua."

Kahigi akamnyooshea baba yake mkono, mzee akautoa ufunguo kwa hasira. Moyo wa Deodatha ukatulia. Akachukua punje moja, akaishika kiganjani, wakatoka wote hadi kwenye stoo nyuma ya migomba. Mtu muongo husahau kwamba na walio ndani wana midomo.

Kahigi akafungua kufuli. Mama mmoja akatoka, akifinya macho kwa mwanga, akapiga goti.

"Shikamoo, bosi Kahigi. Leo umetufungulia mapema."

Deodatha akamtazama Kahigi kwa kimya kile kile cha ibada yao, akisubiri. Kahigi akatazama viatu vyake.

"Kila Jumapili uliniletea kahawa hii," Deodatha akasema. "Nikaitafuna nikikuwaza."

Akamrudishia punje ile mkononi. Kisha akawapigia polisi huku analia, na hakukata simu mpaka walipofika.