Jicho la Kulia la Dasom

Kila asubuhi, kabla supu ya soya haijachemka, Dasom alikuwa ameshasimama mbele ya kioo. Alikata kipande cha utepe wa gundi, chembamba kama ukucha wa mtoto. Alikibandika juu ya kope ya jicho la kulia, akaisukuma kope kwa kijiti, akapepesa. Mkunjo ukatokea. Macho yakafanana. Yangefanana hadi saa sita mchana, jasho litakapoubandua utepe.

Jicho la kushoto alizaliwa nalo likiwa na mkunjo wake. La kulia halikuwa nao. Shuleni walimwita Nusu Usingizi. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, muuza mikate hapa Daegu, Korea, na alikuwa amechoka na utepe.

"Dasom! Supu inapoa!" mama yake aliita. "Au leo unakula kioo?"

"Nakuja, mama. Ijumaa nikishafanyiwa, hutanisubiri tena."

Upasuaji wa Ijumaa ulipangwa katika kliniki moja ya ghorofa ya nne. Mwanamke wa mapokezi alimpiga Dasom picha moja tu. "Jicho moja?" alisema. "Nyuzi tatu, dakika kumi na tano. Tunalinakili la kushoto, yanakuwa sawasawa." Daktari mwenyewe hakuonekana. Wangekutana siku hiyo hiyo ya kisu.

Jumatano, Dasom na mama yake waliingia katika duka la miwani la Bi Pyo, jirani yao. Hakuwa ndugu yao, lakini Dasom alimwita shangazi. Alikuwa amepima macho ya watu kwa miaka thelathini.

"Bi Pyo, umeniuzia miwani iliyopinda," mama alilalamika.

"Miwani haijapinda, Mama Dasom. Masikio yako ndiyo yamepishana."

"Ati nini? Miaka hamsini na mitatu nimeishi nayo salama, leo ndiyo unayatukana?"

Bi Pyo alicheka. Alipasha moto mkono mmoja wa fremu, akaukunja kidogo, akamvisha. Miwani ikakaa sawa. "Umeona? Nimeipinda ili inyooke. Kila uso una upande wake."

Kisha akamgeukia Dasom. "Na wewe, mbona unyusi wako wa kulia uko juu kama mtu aliyesikia umbea? Hebu bandua huo utepe."

Dasom aliona haya, lakini akaubandua. Bi Pyo akamwambia afumbe macho, kisha akambana paji la uso kwa kidole gumba.

"Sasa fumbua. Usitumie paji."

Jicho la kushoto likafumbuka. La kulia likapanda nusu, likakwama.

"Mungu wangu!" mama alisema. "Mwanangu haoni?"

"Anaona. Msuli unaoinua kope hii ni dhaifu, basi paji la uso linaubebea mzigo. Dasom, jioni kichwa hakikuumi?"

"Kila siku, shangazi. Nilidhani ni kusimama dukani."

"Basi sikiliza. Wakikushonea mkunjo tu, ngozi itakunjwa, lakini jicho litabaki na usingizi wake. Utakuwa na mkunjo mnene juu ya jicho dogo. Hapo usawa uko wapi?"

Dasom alikasirika. Ijumaa yake ilikuwa ikiponyoka. "Shangazi, wewe unashika miwani. Wao ndio wanaoshika kisu."

"Ndiyo maana mimi sikukati. Nakupa maswali ya kumwuliza anayekata. Je, atakupima ukiwa umekaa? Atapima nguvu ya msuli? Na la kulia likiinuliwa, la kushoto litafanya nini?"

"La kushoto? Si halitaguswa!"

"Muulize."

Kesho yake Dasom alipiga simu kliniki. Aliuliza kuhusu msuli.

"Dada, mkunjo ni mkunjo," mwanamke wa mapokezi alijibu. "Utaogopa mpaka lini?"

Maneno hayo yalimchoma. Kidogo aseme nitakuja. Lakini aliulizia jicho na akajibiwa woga! Mwenye kujua kazi yake haogopi kuulizwa. Dasom aliiahirisha Ijumaa, akalia, mama akamkumbatia.

Bi Pyo aliwaelekeza kwa Daktari Seon, bingwa wa upasuaji wa kope. Neno lake la kwanza lilikuwa gumu: wiki tatu bila utepe. Utepe ulikuwa umeivuta ngozi na kuichubua, na daktari alitaka kuiona ngozi ilivyo kweli. Wiki tatu Dasom aliuza mikate jicho likiwa wazi. Wateja walinunua mikate tu.

Aliporudi, daktari alimkalisha wima, akapima macho yote mawili kwa rula ndogo. Kisha akainua kope ya kulia kwa kijiti cha pamba.

"Mama, litazame la kushoto."

Mama akatazama. Kope ya kushoto ilikuwa ikishuka taratibu, yenyewe.

"Ubongo hutuma amri moja kwa macho yote mawili," daktari alieleza. "La kulia linachelewa, ubongo unapiga kelele, na la kushoto linafumbuka kupita kiasi. La kulia likisaidiwa, kelele zinapungua, la kushoto linashuka."

"Kwa hiyo ukinakili la kushoto..." Dasom alianza.

"Nikinakili la leo, nitakosea. Ninapima litakavyokuwa kesho. Na sikuahidi usawa wa rula. Uso wa mtu si ukuta. Wachache hulazimika kurekebishwa baadaye. Ulijue hilo kabla, usilijue baada."

Siku ya upasuaji alipigwa sindano ya ganzi, lakini alikuwa macho. Katikati ya kazi daktari alimwinua kitandani. "Kaa. Fumbua. Tazama mbele." Akafungua uzi mmoja, akaufunga upya. Akamkalisha tena. Mara tatu.

Siku ya nne, jicho la kulia lilikuwa limevimba kama andazi. Mama alikuja na maji ya boga ya kupunguza uvimbe, machozi yakimtoka.

"Turudi wakaufumue huo uzi! Mwanangu ameharibika!"

Dasom naye aliogopa. Walipiga simu, muuguzi akawatuliza. "Jicho moja limeshonwa, jingine halikushonwa. Hayawezi kulingana sasa. Akipata maumivu makali, au damu isiyokoma, au akiona kwa ukungu, njooni mbio. Kama ni uvimbe tu, alale kichwa kikiwa juu, apunguze chumvi, na mngoje. Hukumu ni baada ya miezi sita."

Mama akaondoa kimchi, ile kabichi ya chumvi na pilipili, mezani. Akakigeuza na kioo, kikatazama ukuta.

Wakangoja. Uvimbe ulishuka polepole, wiki kwa wiki. Unyusi ulirudi mahali pake. Jioni moja Dasom alishtuka kuona kwamba kichwa hakimuumi, wala hakumbuki kiliacha lini.

Mwezi wa saba tangu upasuaji, msichana mgeni aitwaye Narae aliajiriwa kwenye duka la mikate.

"Dada Dasom, nasikia ulifanyiwa jicho. Lipi?"

"Kisia."

Narae akajifuta unga mikononi, akasogea. Alitazama la kulia. Akatazama la kushoto. Akarudi la kulia, akakunja midomo kama hakimu.

"La kushoto," alisema. "Mimi hunidanganyi."

Dasom alicheka hadi akaegemea meza.