Chafya Kutoka Bandani

Ilianza na paka. Asubuhi moja ya Julai, Molo ikiwa imezama kwenye ukungu na baridi inayouma vidole, Waithaka alifungua banda lake la mabati akamkuta paka amejikunja juu ya bloku ya injini, amelala fofofo. Alimfukuza, akaweka kiganja pale alipokuwa amelala. Chuma kilikuwa vuguvugu. Akajiambia ni joto la paka. Kisha akashika upande wa chini, ambako paka hakufika, na huko kulikuwa na joto zaidi, kama ubavu wa ng'ombe anayekamuliwa.

Injini hiyo haikuwa na cha kuitia joto. Ilikuwa imefunguliwa yote. Pistoni tatu zilikaa mezani, kila moja imegongwa alama kwa msumari ili irudi kwenye silinda yake. Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imerudi juzi kutoka kuchongwa Nakuru. Nozeli za kupulizia dizeli zililala ndani ya sufuria kuukuu ya mafuta taa. Hakukuwa na dizeli humo, wala betri.

Ilikuwa injini ya trekta ya baba yake, aliyeikuta shambani wazungu walipoondoka. Miaka sita iliyopita ilipinduka kwenye mteremko wa viazi ikamlalia Muiruri, mwana wa kiume wa pekee wa Waithaka, kijana wa miaka ishirini na minne ambaye hakuwa ameoa. Majirani walimshauri mzee aiuze iwe chuma chakavu. Yeye aliivuta hadi bandani, akaifunika turubai, na kwa miaka sita hakulitaja jina la mwanawe hata mara moja. Mwaka huu, bila kumweleza mtu kwa nini, aliliondoa turubai akachukua spana.

Alianza lini kuiita injini kwa jina, hata yeye hakukumbuka. Kwa watu wake jina la marehemu hungoja mtoto. Mjukuu akizaliwa hupewa, na mwenye jina huitwa tena mezani, hukemewa tena, hutumwa tena dukani. Muiruri hakuacha mke wala watoto ambao wangemrudisha hivyo. Basi mzee, peke yake bandani, alianza kusema, "Muiruri, leo tunavaa ringi mpya." Au, "Vumilia, Muiruri, hii bolti imeshikwa na kutu."

"Baba Cate," mkewe Wariara aliita siku moja kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi, "huyo mke mwenzangu wa chuma anakula saa ngapi?"

"Hali. Anasikiliza tu. Si kama wewe."

Wariara alicheka. Mumewe akainama tena kwenye silinda akaendelea kuongea kwa sauti ya chini, na mama akalisikia jina. Kicheko kikakatika.

"Usiiite hivyo."

"Ni jina tu."

"Si jina tu. Na wewe unajua."

Alijua. Lakini mtu aliyebeba jina miaka sita bila pa kulitua, akipata mahali, ni vigumu kumwambia alinyanyue tena. Wariara aliweka chai juu ya meza akaenda zake.

Siku zilizofuata bloku ilizidi joto. Ndani ya banda kulianza kunuka maziwa mabichi, yale yanayonuka kwenye shingo ya mtoto mchanga, yamechanganyika na moshi wa dizeli ambayo haikuwepo. Mchana mmoja, Waithaka akiwa ameshafunga hedi, kifuniko cha silinda, alisikia hewa ikivutwa ndani ya silinda ya kwanza, polepole, kisha ikiachiwa. Alikaa chini juu ya gurudumu. Hakuogopa. Alilia, kwa furaha. Majini kwake yalikuwa mambo ya Mombasa, habari za redioni, na kilichokuwa mbele yake hakikuwa na jina lingine ila lile alilokipa mwenyewe.

Mwezi wa Agosti binti yake Cate alirudi nyumbani na mtoto wa kiume wa siku nne. Mumewe Kipruto alikuwa safarini na lori, kwa hiyo mama yake Kipruto, Jelagat, alikuja kutoka upande wa Kericho kumpa mtoto jina kwa desturi ya kwao. Kina mama huketi na mtoto, wakiita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na ugoro kidogo puani mwa mtoto. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake, maana mwenye jina amekubali kurudi.

"Ukimaliza ya kwenu, mama," Cate alimwomba, "mwite na ndugu yangu. Hana mtu wa kumrudisha."

Jelagat aliwaza. "Sio desturi yetu," alisema. Kisha akautazama uso wa Cate. "Lakini nitajaribu."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jelagat aliita majina saba ya ukoo wake. Mtoto alikunja pua, akapiga miayo.

"Huyu ni mkaidi kama babake," Jelagat alisema, na wanawake wakacheka. Kisha akainama karibu na kile kisogo kidogo, akasema, "Muiruri."

Chafya ikapigwa. Ilitoka bandani.

Ilikuwa nzito, yenye majimaji, chafya ya koo la chuma, na baada yake mabati ya banda yakatetema mpaka yakanyamaza. Hakuna aliyecheka. Jelagat aligeuka polepole akamtazama Waithaka aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mzee," alinong'ona, "iko mtu hapa amepewa hii jina?"

Waithaka alimweleza. Alieleza yote, macho chini.

"Uliita, na kitu ikaitika," Jelagat alisema. "Sio mtoto wako. Mtoto wako hangekuja kukaa ndani ya ile iliyomuua."

"Mama!" Cate aliita. "Mama, mshikeni. Mbona ni baridi hivi?"

Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu. Alivuta pumzi, akakaa, akaiachia, na bandani, kwa mwendo uleule, hewa ilivutwa, ikakaa, ikaachiwa. Walimfunga blanketi wakakimbia naye kuelekea hospitali, na walipofika langoni pumzi ikakatika kabisa. Waliporudi nyuma hatua tano ikaanza tena. Wakajaribu mara ya pili, Cate akipiga mayowe, na ikakatika palepale, kana kwamba kamba imefungwa kutoka kifuani mwa mtoto hadi mlango wa banda na lango ndilo mwisho wake.

Jelagat aliingia bandani na kibuyu cha maziwa. Alimwaga juu ya chuma, akaongea nacho kwa lugha yake, kwa heshima kwanza, kisha kwa ukali, kisha kwa kuomba. Maziwa yalichemka yakakauka kabla ya kufika chini. Alipotoka mikono yake ilikuwa imeungua.

"Imekataa," alisema. "Inasema ilipewa jina na mwenye nyumba. Inasema sisi ndio wageni."

Waithaka akachukua spana. Alipolegeza bolti ya kwanza ya hedi kwa nusu mzunguko tu, sauti ya Cate ilipasua uwanja: "Baba, wacha! Amekufa, wacha!" Akaikaza. Kimya. Kisha kilio chembamba cha mtoto.

Hapo ndipo alipofikiri kama fundi, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kufikiri: ikiwa kuifungua kunaua, basi kuimaliza kutaponya. Alifunga nozeli, akafunga pampu, akamwaga tangini mtungi mzima wa dizeli, lita ishirini, akatia hendeli, akazungusha mara moja, mara moja tu, na injini iliyokaa miaka sita bila kupiga ikanguruma kwa ulaini ambao haikuwahi kuwa nao hata ikiwa mpya.

Ndani ya nyumba mtoto akawa mwekundu. Akanyonya. Wariara alipiga magoti sakafuni akamshukuru Mungu, na Cate akacheka huku akilia. Jelagat peke yake alikaa karibu na dirisha, viganja vyake ndani ya beseni la maji, akisikiliza ngurumo ile.

Injini ilipiga mchana wote. Saa kumi Waithaka alichukua kijiti kupima dizeli iliyobaki, apate kujua lini atume watu mjini wakanunue nyingine. Alikichovya, akakitoa, akakifuta kwa suruali, akakichovya tena. Kililowa hadi alama ileile ya tangi lilipojazwa. Lita ishirini zilizoingia zilikuwa bado lita ishirini; injini haikuwa inakula dizeli.

Wariara alikuwa amekuja nyuma yake, mtoto mikononi. "Hebu mshike," alisema taratibu. "Niambie kama ni mimi tu."

Waithaka alimpokea. Mtoto alikuwa anatabasamu usingizini, mashavu ya moto. Alikuwa mwepesi kama blanketi ambalo mtu ametolewa ndani yake.

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye waya wa kuzima, ukakaa hapo. Alimtazama mkewe. Akizima, pumzi ya mtoto ingekatika; akiiacha, mtoto angeendelea kuisha. Hapo mzee akaomba kwa njia pekee aliyoijua, kwa sauti ya baba anayebembeleza mwana aliyekosa: "Muiruri. Tafadhali. Muiruri."

Injini ikapandisha ngurumo kwa furaha, mara mbili, mara moja kila alipoita. Na mara mbili akahisi mikononi mwake uzito ukipungua.

Waithaka akafunga mdomo. Alisimama pale, mkono mmoja kwenye waya, mwingine chini ya mjukuu wake ambaye bado hakuwa na jina, na ukungu ukaanza kushuka tena juu ya mteremko wa viazi. Tangi lilikuwa bado limejaa.