Shule ya Mkiani

Siku orodha ya shule, zilizopangwa kwa matokeo ya mtihani, ilipobandikwa, ua wa ofisi ya elimu ulijaa wazazi hata pa kutia mguu hapakuwepo. Muuguzi alikuwa ametoka zamu, sare imemkunjamana mgongoni, miguu imevimba ndani ya raba. Binti yake alikuwa anaingia sekondari, naye hajaona hata herufi moja. Mbele yake ilikuwa migongo mitupu. Mungu hakumjalia kimo.

Akamgusa bega mwanamume mmoja mrefu. "Kaka, nisomee basi. Tatu za juu ni zipi?"

Mrefu akamsomea taratibu, kwa sauti nzito yenye mkwaruzo. Shati lake la samawati lilikuwa limenyooka kwa pasi, ila ukosi umechakaa.

"Na ya mkiani?"

Akasita. "Ile ya nyuma ya kiwanda cha sabuni."

"Hiyo? Hapo hata mbuzi wangu simpeleki!"

"Una mbuzi, Sista?"

"Sina. Ila ningekuwa naye, nisingempeleka."

Mrefu akacheka, kicheko kifupi kisichofika machoni, kisha akamnunulia chai nje ya lango. Wakaachana wamepeana namba.

Simu zikaanza.

"Umekula, Sista?"

"Nimekula uchovu."

"Basi kesho tule wote. Nitakuletea chakula, uchovu utauleta wewe."

Alikuwa na miaka mingi hajachekeshwa na mwanamume. Mumewe wa zamani alimwachia mtoto na maumivu ya kichwa, na nyumbani mama yake alimsomea nafasi za shule asubuhi na jioni kama dua. Alipomuuliza Mrefu anafanya kazi gani, alijibiwa, "Niko na vijana," naye akaona mtu mzima haulizwi mara mbili. Akaanza tena kupaka wanja. Mrefu alipotaka kuja kumwamkia mama, akamwambia, "Subiri mpenzi, kwanza mtoto apate shule."

Kisha hospitali ikamtuma kuchanja wasichana, shule baada ya shule, hadi akafika nyuma ya kiwanda cha sabuni. Harufu ya magadi ilikuwa inaingia madarasani. Akafungua mlango kuulizia zamu ya darasa lile, na mbele ya ubao, chaki imemjaa mikononi, alikuwa amesimama Mrefu wake.

Wanafunzi wakasimama kumsalimu. Akamwashiria Mrefu watoke.

"Umenidanganya," alimwambia nje, barazani.

"Sikukudanganya. Nilinyamaza."

"Miezi yote hii!"

"Ulisema hata mbuzi humpeleki. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Ningesema, 'Mimi ni mwalimu pale.' Ningeona haya, ningeomba radhi, yangekwisha!" Machozi yalimlengalenga, akakasirika zaidi. "Umeniacha niiseme vibaya shule yako kila siku, nawe unanipa pole ya kazi."

Mrefu alijipangusa chaki kwenye suruali. "Zile shule za juu, mtoto akilegea humwondoa kabla ya mtihani. Anakuja hapa. Lakini sitakuficha, wapo wanaofeli kwa sababu yetu pia. Nimechoka, Sista. Nilitaka mtu mmoja tu asiyenipima kwa nambari ile."

Muuguzi aligeuka. Alirudi kwenye sindano zake, akachanja hadi mkono ukafa ganzi.

Simu zikakatika. Bintiye akapata nafasi katika shule ya tatu, mama akapiga vigelegele, lakini muuguzi alikuwa anakula kama anayemeza dawa.

"Yule wa simu yuko wapi?" mama akauliza.

"Ni mwalimu, mama. Shule ya mkiani."

"Mlevi?"

"Hapana."

"Ana mke?"

"Hana."

"Sasa mwanangu, unaolewa na mtu au na orodha?"

Muuguzi akampigia Mrefu siku hiyo hiyo, ameketi kwenye benchi la wodi. Simu ikapokelewa mara moja.

"Mwalimu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nisamehe kwa maneno yangu. Na usikie hili kutoka kwangu: mtoto atakwenda ile ya tatu. Nimejaribu kuwaza vingine, sikuweza."

"Imeniuma," Mrefu akasema. "Ila ningekuwa na wangu, sijui ningefanya nini."

"Sasa?"

"Sasa mimi sikuja kutafuta mwanafunzi. Natafuta mke. Utanikubali?"

Muuguzi akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

"Njoo Jumapili umwamkie mama," akasema. "Lakini uje mchana. Asubuhi niache nilale."